Kodi inayokungoja mpaka ufe

Kuna kitu kimoja cha Marekani sioni watu wakikiongelea huku, na kusema kweli kinanivutia kuliko siasa zao. Kule nyumba yako unailipia kodi kila mwaka hata kama mkopo ulimaliza kitambo. Siongei kuhusu kodi ya landlord. Hii inahesabiwa kwa thamani ya nyumba, na ndiyo inaendesha shule, zimamoto na polisi wa eneo.

Sasa fikiria shosho aliyenunua kanyumba kake akiwa msichana. Mtaa ukageuka wa matajiri, thamani ikapanda, kodi ikapanda nayo, lakini pensheni imekaa palepale. Kwa makaratasi ni tajiri, mfukoni hana kitu. Na si ati atauza jikoni abaki na sebule.

Jimbo la Oregon lilikuja na jibu 1963, mwaka ule ule sisi tulipata uhuru. Likaambia wazee: kaeni kwenu, sisi tutawalipia kaunti. Lakini si bure. Deni linaandikwa juu ya nyumba, riba inapanda, na siku ukiuza, ukihama au ukifa, jimbo linadai chake. Siku hizi unaanzia miaka 62, na riba ni asilimia 6 kwa mwaka.

California walifuata 1977. Mwaka uliofuata wapiga kura wakachoka kabisa, wakapitisha Proposition 13: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mwenyewe. Hiyo ilisaidia kila mtu, mzee na kijana, hohehahe na bilionea, hadi makampuni. Mimi naona Oregon walitumia akili zaidi. Saidia aliyebanwa, halafu urudishiwe.

Shida ilikuwa kwa mfuko wenyewe. Pesa za Oregon zilitegemea madeni ya wazee waliotangulia: nyumba ikiuzwa, pesa inarudi, inamlipia mzee mwingine. Uchumi ulipoanguka 2008, nyumba zikakosa wanunuzi, pesa zikaacha kurudi, na wanaoomba wakazidi. 2011 bunge la jimbo likakaza masharti. Lazima uwe umemiliki na kuishi hapo miaka 5, na wale waliokuwa wamechukua ile mikopo ya wazee inayolipwa nyumba ikiuzwa wakatolewa. Yaani wale wale waliokuwa wameshaishiwa.

California nao, bajeti ikiwa imewashinda, walifunga mpango Februari 2009. Ukarudi 2016. Miaka 7! Mtu wa miaka 78 unamwambia angoje miaka 7?

Na uliporudi ulikuja na sharti kwamba angalau asilimia 40 ya thamani ya nyumba iwe yako kweli, haina deni. Kwa hivyo mzee ambaye nyumba yake bado imejaa mkopo, na ndiye kodi inamkaba zaidi, haruhusiwi hata kuingia.