Miji ya Makimbilio Mkoani Mara

Katika Hesabu 35 na Yoshua 20 tunasoma kwamba Mungu aliwaagiza Israeli watenge miji sita ya makimbilio, mitatu kila upande wa Yordani. Aliyekimbia alisimama langoni akaeleza habari zake. Wazee wa mji walimsikiliza, wakamwingiza, wakampa mahali pa kukaa. Huruma ilipewa lango, kitanda na watu wa kuwajibika. Tukiitazama historia ya kupinga ukeketaji katika wilaya za Tarime na Serengeti, tunaona uongozi ukipimwa kwa kipimo hicho hicho.

Afrika Mashariki ilijaribu kwanza njia ya amri. Mwaka 1929 wamisionari wa Kiskoti huko Kikuyu nchini Kenya, wakiongozwa na Dkt. John Arthur, waliwataka waumini waahidi kuiacha tohara ya wasichana. Wengi walikataa, wakaondoka kanisani na kuanzisha shule zao. Jambo la mwili wa binti likageuka kuwa bendera ya kupinga utawala wa wageni. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Njuri Ncheke huko Meru, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni, liliipiga marufuku. Wasichana wakaanza kukeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana. Amri ilitolewa na wakubwa, lakini ni nani aliyemuuliza binti ataishije kesho yake kati ya wenzake?

Swali hilo ni zito huku kwetu. Kati ya Wakurya, msichana ambaye hajakeketwa huitwa omosagane, na jina hilo likitamkwa kisimani au kwenye ngoma huuma. Ukeketaji ndio uliomhesabia utu uzima na kumfungulia njia ya kuolewa kwa mahari ya ng'ombe. Wazee wa mila hutangaza msimu, mara nyingi mwezi Desemba shule zikiwa zimefungwa, na ngariba hulipwa kwa kila msichana. Kwa hiyo binti anayesema hapana hapambani na kisu peke yake. Anagusa zizi la baba yake, heshima ya mama yake na pato la ngariba.

Injili haikuwa ngeni mkoani. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934, na mapadre wa Maryknoll walikuja Musoma mwaka 1946. Mahubiri dhidi ya desturi hii yalisikika miaka mingi. Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake. Mahubiri yalikuwa ya kweli na sheria ilikuwa nzuri. Lakini vyote viwili vilimtaka mtoto awe shahidi dhidi ya mzazi wake, halafu jioni arudi kula chungu kimoja naye.

Mwaka 2014 Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana ilifungua Nyumba Salama mjini Mugumu, Serengeti. Aliyeisimamia ni Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huu huu, aliyekeketwa akiwa msichana na kuponea chupuchupu kwa kutoka damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloendesha nyumba za namna hiyo Serengeti na Butiama. Wilayani Tarime, kituo cha Masanga chini ya Kanisa Katoliki kimewapokea wasichana kila msimu na kuwafundisha njia ya kuingia utu uzima pasipo kukatwa.

Tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika. Msichana hufika, pengine usiku, kwa miguu au kwa gari la polisi. Hupewa chakula, matandiko na masomo. Msimu ukiisha, wahudumu huenda kwa wazazi pamoja na polisi na ustawi wa jamii. Mzazi akikubali, hutia saini ahadi ya kutomkeketa, na binti hurudi nyumbani. Mzazi akikataa, binti hubaki, akaendelea na shule au akajifunza ushonaji. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi nao wamesaidia kuchora ramani za vijiji kwa kutumia picha za setilaiti, ili gari la uokoaji lisipotee njia gizani.

Kazi haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba mwaka 1996 asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na mwaka 2022 asilimia 8. Mkoani Mara bado ilikuwa asilimia 28. Wengine huwavusha mabinti mpaka, au huwakeketa wakiwa wadogo sana ili wasiweze kukimbia. Nyumba salama haimfikii mtoto asiyeweza kutembea.

Ndiyo maana hatuwezi kuuacha uongozi huu kwa maaskofu na wakurugenzi. Mzee wa kanisa anayetangaza mbele ya ukoo kwamba binti yake hataingia msimu, naye yuko tayari kupokea mahari pungufu, ni kiongozi. Kijana anayemposa omosagane na kumwoa hadharani, kengele zikilia, amefanya ambalo sheria haikuweza kulifanya. Mama anayempigia mchungaji simu usiku amefungua lango.

Kila usharika wa Tarime na Serengeti ujiulize kabla ya Desemba: msichana akibisha hodi usiku huu, ni nyumba ya nani itakayofunguliwa, na nani atakayeandamana naye kurudi kwa baba yake?