Tundu la Pili la Walkman

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani. Wauza maduka waliguna: nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi? Akio Morita, mwenyekiti wa kampuni, alikuwa na wasiwasi tofauti. Alipoijaribu nyumbani, mkewe alichukizwa kwa kujiona ametengwa. Ndiyo maana Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, sauti ya muziki hushuka na wasikilizaji wawili huongea kupitia maikrofoni ndogo. Adabu iliundwa ndani ya mashine!

Wanunuzi hawakuihitaji. Kila mmoja alitaka Walkman yake mwenyewe, ya kusikiliza peke yake njiani. Kwa hiyo wanaoilaumu simu kwa ukimya wa abiria katika teksi zetu za Kampala wamechelewa, kwa maoni yangu. Upweke huo waliuchagua wasafiri wenyewe, kabla simu hizi hazijazaliwa. Sony nayo ilifuata soko: modeli ya WM-2, iliyotoka mwaka 1981, haikuwa tena na kitufe kile.