Jembe la Kujitolea Tukuyu

Mwaka 1973 Radio Tanzania ilipotangaza kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, kisha wakashika majembe: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Mimi nilikuwa mtoto Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Huko mvua hainyeshi, humwagika. Kwetu asiyefika kazini alitozwa faini. Kujitolea gani huko, ndugu wasikilizaji?

Baadaye tuliambiwa tupande miti. Tukapanda mikaratusi hadi kandokando ya vijito, maana hukua upesi, ikatoa nguzo na kuni. Hatukuambiwa jinsi inavyokunywa maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo iliyokataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka chanzo cha maji.

Mwaka jana nilirudi nyumbani, nikaungana na vijana wa kujitolea kuiondoa na kupanda miti ya asili. Tuliukata mmoja ambao nadhani niliupanda mwenyewe. Kijana akaniuliza, "Mzee, nani aliwaambia mpande huu?" Nikamwambia ashike kamba, mti ulikuwa unaegemea barabarani.