Kronografu ya Bunduki ya Upepo

Kronografu ya bunduki ya upepo ni chombo cha kupima kasi ya risasi ndogo inayorushwa kwa nguvu ya springi, hewa iliyobanwa au gesi ya kaboni dioksidi. Kasi ikijulikana pamoja na uzito wa risasi, nishati hupatikana kwa hesabu. Nishati ndiyo inayoonyesha kama springi imelegea, kama mpira wa pistoni unavujisha hewa, na katika baadhi ya nchi kama bunduki imevuka kiwango cha kisheria.

Makala hii inaeleza chombo kinavyofanya kazi, yanayokipotosha, na utaratibu wa kupata vipimo vya kuaminika. Mfano wa mahali ni Kashikishi, mji uliopakana na Nchelenge katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, Mkoa wa Luapula, Zambia. Ziwa hilo liko mita 917 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwinuko, jua kali na uso mpana wa maji hugusa moja kwa moja namba zinazotokea kwenye kioo cha kronografu.

Historia

Kipimo cha kwanza cha kutegemewa cha kasi ya risasi kilielezwa na Mwingereza Benjamin Robins mwaka 1742. Alipiga risasi kwenye gogo zito linaloning'inia, akapima lilivyosogea, kisha akakokotoa kasi kutokana na uzito wa gogo na wa risasi. Katika miaka ya 1860 Mbelgiji Paul-Émile Le Boulengé alitengeneza chombo cha umeme: risasi ilikata waya mbili zilizotenganishwa kwa umbali unaojulikana, na muda kati ya mikato hiyo ukapimwa kwa chuma kinachoanguka. Vihisi vya mwanga na saa za kielektroniki vilipokuja katika karne ya 20, chombo kikawa chepesi cha kutosha kubebwa na mpigaji wa kawaida.

Aina

Aina iliyoenea zaidi ni ya vihisi vya mwanga. Huwa na matundu mawili yanayotazama angani, na risasi ikipita juu yake kivuli chake huwasha saa kwenye tundu la kwanza na kuizima kwenye la pili. Aina ya pili hufungwa mdomoni mwa mtutu na hutumia miale yake yenyewe ya infraredi, hivyo haitegemei mwanga wa nje. Aina ya tatu ni rada ndogo inayowekwa kando ya bunduki na kuifuata risasi ikiwa hewani. Hiyo ndiyo inayosumbuliwa kidogo zaidi na jua, lakini bei yake ni kubwa.

Jinsi kasi inavyopatikana

Kronografu ya vihisi haipimi kasi. Inapima muda, kisha inagawa umbali kwa muda huo. Tuseme vihisi viko sentimita 30 mbali na risasi inakwenda mita 240 kwa sekunde. Itavuka nafasi hiyo kwa sekunde 0.00125. Umbali kati ya vihisi ukikosewa kwa milimita 1 tu, kasi itakosewa kwa asilimia 0.33, yaani mita 0.8 kwa sekunde. Kwa sababu hiyo chombo cha kukunja kisichokunjuliwa hadi mwisho hutoa namba za uongo hata kama saa yake ni nzima kabisa.

Nishati kwa jouli ni nusu ya uzito kwa kilogramu, mara kasi, mara kasi tena. Risasi ya gramu 0.547 ikienda mita 240 kwa sekunde ina jouli 15.75. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, kosa lake hukaribia kuongezeka maradufu kwenye nishati. Chombo kikizidisha kasi kwa asilimia 3, risasi hiyohiyo itaonekana kuwa na jouli 16.7. Nchini Uingereza, ambako bunduki ya upepo inayozidi jouli 16.3 inahitaji cheti cha silaha, kosa hilo dogo linatosha kumfanya mmiliki asiye na hatia ajione mkosaji.

Maboksi mengi ya bunduki huandika kasi kwa futi kwa sekunde. Futi 1 ni mita 0.3048, kwa hiyo mita 240 kwa sekunde ni takribani futi 787. Uzito wa risasi nao mara nyingi huandikwa kwa greni, na greni 1 ni gramu 0.0648.

Mambo yanayopotosha vipimo

*Mwanga.* Kihisi kinahitaji anga yenye mwanga sawa ili kivuli cha risasi kionekane. Wingu jembamba lililotanda ndilo hali bora. Jua likiingia moja kwa moja tunduni, kihisi hupofuka: ama hakisomi, ama husoma namba ya ajabu. Vifuniko vyeupe vya plastiki vinavyosimamishwa juu ya matundu hutawanya mwanga na kuondoa tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Ndani ya nyumba, taa za tyubu na baadhi ya taa za LED humetameta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50 unaotumika Afrika Mashariki na Zambia, na kihisi huweza kuhesabu mmeto huo kuwa risasi. Taa ya zamani ya waya wa moto au taa ya infraredi iliyotengenezwa kwa ajili ya chombo ni salama zaidi.

*Mpulizo wa mtutu.* Hewa inayotoka pamoja na risasi inaweza kuwasha kihisi cha kwanza kabla risasi haijafika. Bunduki za mtungi wa hewa iliyobanwa ndizo zenye mpulizo mkubwa. Kwa bunduki ya springi, mafuta yaliyozidi ndani ya silinda huungua na kutoa moshi. Moshi huo hukichanganya kihisi, na kuungua kwenyewe huongeza kasi ya risasi za mwanzo. Umbali wa mita 1 hivi kati ya mdomo wa mtutu na kihisi cha kwanza huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

*Mstari wa risasi.* Risasi ikipita kwa mshazari husafiri njia ndefu kuliko ile iliyoandikwa kwenye programu ya chombo, hivyo kasi husomeka pungufu. Mshazari wa nyuzi 5 hupunguza asilimia 0.4, wa nyuzi 10 hupunguza asilimia 1.5, yaani karibu mita 4 kwa sekunde katika mfano wetu.

*Betri na uchafu.* Betri iliyochoka hutoa namba zinazorukaruka. Vumbi tunduni hupunguza mwanga unaoingia. Mambo haya mawili ni rahisi kuyarekebisha kuliko yote, na mara nyingi ndiyo yanayosahaulika.

Hali ya Kashikishi

Katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari, jua la adhuhuri husimama wima juu ya Kashikishi. Kihisi kinachotazama juu hulipata jua hilo tunduni bila kizuizi. Saa za katikati ya mchana katika vipindi hivyo hazifai kupimia bila vifuniko au kivuli cha mti. Jioni tatizo hubadilika. Ziwa liko magharibi ya mji, hivyo jua huzama juu ya maji na mwanga wake hurudishwa kutoka chini kuelekea ufukweni, ukiupiga ubavu wa risasi ambao ulipaswa kuwa kivuli. Asubuhi, jua likiwa bado upande wa bara na mwanga umetulia, ndiyo saa bora ya kazi hii.

Upepo wa ziwani unaovuma mchana haubadilishi sana kasi ya risasi ndani ya mita moja. Madhara yake ni kutikisa stendi na kupeperusha vifuniko, na hapo ndipo risasi hugonga chombo chenyewe. Mfuko wa mchanga uliotundikwa chini ya stendi hutuliza hali.

Mwinuko una athari ya kina zaidi. Kwa joto lilelile, hewa ya mwambao wa Mweru ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Risasi hupata ukinzani mdogo ikishatoka, lakini bunduki ya springi hubana hewa hiyohiyo nyepesi iliyoivuta kutoka nje, hivyo nguvu yake hubadilika pia. Namba iliyopimwa pwani haipaswi kuhesabiwa kuwa namba ya Kashikishi. Bunduki ya kaboni dioksidi nayo hufuata joto: shinikizo ndani ya kopo lake ni baa 57 hivi kwenye nyuzi 20 za selisiasi, na hupanda hadi karibu baa 72 kwenye nyuzi 30. Ukipiga harakaharaka, kopo hupoa na kasi hushuka risasi baada ya risasi.

Utaratibu wa kupima

1. Simamisha chombo juu ya stendi imara, sambamba na mstari wa mtutu. Kitazame kutoka ubavuni na kutoka nyuma kabla ya kupakia.
2. Weka mdomo wa mtutu mita 1 kutoka kihisi cha kwanza na upime kwa futi kamba. Tumia umbali uleule kila siku. Risasi nyingi za milimita 4.5 hupoteza mita 1 hadi 2 kwa sekunde kwa kila mita inayosafiri, kwa hiyo vipimo vya umbali tofauti havilinganishiki.
3. Hakikisha risasi inapita katikati ya matundu, sentimita 10 hadi 15 juu yake, au kama maelezo ya chombo yanavyoagiza.
4. Pima uzito wa risasi badala ya kuamini mkebe. Mizani ndogo ya sonara inatosha: pima risasi 20 pamoja, kisha gawa.
5. Piga risasi kadhaa za kupasha bunduki bila kuziandika.
6. Piga 10 na uandike kila namba, hata isiyokupendeza.
7. Andika pia saa, joto, hali ya anga, aina ya risasi na, kwa bunduki ya mtungi, shinikizo la kuanzia na la kumalizia. Bunduki ya mtungi isiyo na kidhibiti hubadilisha kasi kadiri hewa inavyopungua, na bila shinikizo kuandikwa mabadiliko hayo hayawezi kueleweka.

Kusoma matokeo

Chukua mfano wa namba hizi kumi, kwa mita kwa sekunde: 238, 241, 240, 239, 242, 240, 237, 241, 240, 242. Wastani ni 240. Tofauti kati ya kubwa na ndogo ni 5. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 1.6. Ukigawa 1.6 kwa kipeuo cha pili cha 10 unapata 0.5, ambayo ni makadirio ya shaka iliyobaki kwenye wastani wenyewe.

Somo lake ni la vitendo. Kesho ukibadilisha risasi na wastani ukawa 240.6, huna ushahidi kwamba risasi mpya ina kasi zaidi. Ukiwa 246, unao. Na kama katikati ya mfululizo ikatokea 310, namba hiyo haifutwi kwa sababu tu inachukiza. Tafuta chanzo chake: jua limetokeza? moshi umetoka? Kikipatikana, kirekebishe na urudie mfululizo wote. Kisipopatikana, namba inabaki kwenye daftari.

Kuhakiki chombo

Njia bora ni kuweka kronografu mbili mfululizo na kupiga risasi ipite zote, kisha kubadilishana nafasi zake. Asiye na ya pili anaweza kutumia simu inayorekodi sauti. Simu ikiwekwa karibu na mtutu na bamba la chuma mita 10 mbele, huku risasi ikiligonga kwa pembe inayoielekeza ardhini, rekodi itaonyesha milio miwili. Muda kati yake ni wa risasi kwenda na wa sauti kurudi. Kwenye joto la nyuzi 28, sauti husafiri mita 348 hivi kwa sekunde, hivyo hurudi kwa sekunde 0.0287. Kama pengo lote ni sekunde 0.0718, risasi imetumia 0.0431, na kasi yake ya wastani katika mita hizo 10 ni 232. Ni lazima iwe pungufu kidogo kuliko ya mdomoni. Kronografu ikisema 240, vyombo vinaafikiana. Ikisema 270, kronografu inahitaji kuchunguzwa.

Usalama na sheria

Risasi ya bunduki ya upepo husafiri mamia ya mita na inaweza kutoboa jicho. Kashikishi, ziwa lisitumike kamwe kuwa kizuizi cha nyuma: risasi hudunda juu ya maji, na mbele yake kuna mitumbwi. Piga kuelekea sanduku lililojazwa mchanga, na mstari wake uelekee mahali pasipopita watu. Vaeni miwani nyote mliopo, hasa bamba la chuma linapotumika. Nawa mikono baadaye, kwa sababu risasi nyingi ni za madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Nchini Zambia silaha husimamiwa kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 110. Ujerumani huziruhusu kwa masharti mepesi bunduki za upepo zisizozidi jouli 7.5, zenye alama ya herufi F. Kwa kuwa kanuni hutofautiana baina ya nchi, anayetaka kununua au kuvuka mpaka na bunduki ya upepo aulize polisi kwanza.

Mmiliki wa kronografu asiseme "bunduki yangu ina mita 240" bila kutaja risasi, uzito, umbali, joto na idadi ya mipigo. Namba yenye maelezo hayo inaweza kurudiwa na mtu mwingine na kuthibitishwa, na hapo tu ndipo inapostahili kuitwa kipimo.