Kubeti Farasi: Yule Anayebongewa Sana Ndiye Hulipa Kidogo

Wasee wa Eastlands hupita Racecourse Road kila siku wakielekea Kariokor bila kujiuliza hilo jina lilitoka wapi. Zamani farasi walikuwa wanakimbizwa upande huo wa mji. Siku hizi mambo yote ni Ngong Racecourse, iliyofunguliwa 1954, na huko ndiko Kenya Derby hukimbiwa.

Mbio kubwa zikikaribia, media na magrupu za simu huchagua farasi mmoja na kumwimba wiki nzima. Kabla utoe ganji, elewa haya.

Kelele hushusha malipo
Racecourse nyingi duniani hutumia toti: doo za wote zinaingia kapu moja, wenye kazi wanakata yao, inayobaki inagawiwa walioweka farasi aliyeshinda. Tuseme kapu liko na 100,000 na imekatwa 20,000. Kama watu waliweka 50,000 kwa huyo farasi, bob 100 yako inarudi 160. Kama waliweka 5,000 pekee, bob 100 hiyo hiyo inarudi 1,600. Farasi ni yule yule. Kelele haimwongezei mbio, inakupunguzia wewe malipo.

Kipenzi cha watu hupoteza sana
Nchi nyingi, farasi anayepewa nafasi kubwa hushinda kama mara moja kati ya tatu. Kentucky Derby ya 2022 huko Marekani ilichukuliwa na Rich Strike, aliyeingia siku moja kabla baada ya mwingine kuondolewa. Odds zake zilikuwa 80 kwa 1. Lakini usianze kuwinda wa mwisho kila saa, wengi wao hubaki huko nyuma.

Cheki nini
• Umbali: mkali wa mita 1,200 anaweza kuishiwa pumzi kwa 2,400.
• Uzito: kwa mbio za handikapu, farasi mzuri hubebeshwa mzigo zaidi.
• Uwanja: mvua ikinyesha nyasi huwa nzito, na si kila farasi huiweza.
• Rekodi: alishinda lini, na alishinda kina nani?

Piga hesabu yako kabla ya kuona odds. Ukiamini atashinda mara moja kati ya nne, bob 100 lazima ilete zaidi ya 400. Ikileta chini, ruka hiyo mbio.

Na wale farasi wa screen?
Wale wa kwa shop za mtaa hawana joki wala nyasi. Kompyuta ndiyo huchagua mshindi, na mbio mpya inakuja baada ya dakika chache. Hapo hakuna tip ya kusaidia, na mwenye shop ameshapiga hesabu ya faida yake.

Chini ya miaka 18, sheria imekataa. Na pesa ya keja na fare isiguswe, hata farasi aimbwe aje.