Miaka 30 ya kifungu cha Dickey: Sentensi moja iliyozima utafiti wa bunduki Marekani

Septemba 30, 1996, Rais Bill Clinton alitia saini sheria nene ya matumizi ya Serikali ya Marekani. Humo ndani, katikati ya mabilioni ya dola za wizara na idara, ilichomekwa sentensi moja: fedha za kuzuia majeraha zinazopewa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, zisitumike kutetea wala kuhimiza udhibiti wa bunduki. Mwaka huu sentensi hiyo inatimiza miaka 30. Imekuwa ikirudiwa bajeti hadi bajeti, chini ya marais wa vyama vyote viwili.

Ukiisoma kwa makini, huoni mahali inapokataza utafiti. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 ilifanya kazi karibu kama marufuku. Katika miaka hiyo yote bunduki ziliendelea kuua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, na wengi wao hawakuuawa na jambazi wala na mshambuliaji aliyevamia shule. Walijiua. Vifo hivyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha ugomvi uliozaa kifungu hiki, na ndivyo ambavyo wanasiasa wamekuwa wepesi kuvisahau.

Chimbuko la haki ya kumiliki silaha linajulikana. Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliidhinishwa mwaka 1791, yakitaja wanamgambo na haki ya watu kuwa na silaha. Chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa wa zamani wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, waliokerwa na askari wao kukosa shabaha. Sheria kubwa ya kwanza ya taifa kuhusu silaha ilikuja 1934, enzi za magenge yenye bunduki za rashasha. Nyingine kubwa ilikuja 1968, mwaka waliouawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Mwaka 1977, katika mkutano wa wanachama mjini Cincinnati, wenye msimamo mkali waliwapiku viongozi wa NRA, na chama cha wawindaji na walenga shabaha kikageuka kuwa chama cha kupigania haki ya silaha mahakamani na bungeni.

Mambo yalichukua sura mpya pale madaktari walipoingia.

Arthur Kellermann alikuwa daktari wa idara ya dharura. Amewahi kueleza kwamba alianza kulifikiria suala hili Aprili 1984, mwanamuziki Marvin Gaye alipopigwa risasi na baba yake mzazi nyumbani kwao Los Angeles. Bastola iliyomuua mwanamuziki huyo ilikuwa zawadi aliyompa baba yake mwenyewe. Kellermann akajiuliza: bunduki inayowekwa nyumbani kwa ajili ya usalama humuua nani hasa?

Akishirikiana na Donald Reay, mchunguzi wa vifo wa King County, kaunti yenye jiji la Seattle, alipitia kila kifo cha risasi kilichotokea huko kati ya 1978 na 1983. Vilikuwa 743. Kati ya hivyo, 398 vilitokea katika nyumba ambamo bunduki yenyewe ilikuwa ikihifadhiwa. Wavamizi waliouawa wakijaribu kuingia walikuwa wawili tu, na wengine saba waliuawa katika kujihami. Waliojiua walikuwa 333.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986 katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwa kila mtu mmoja aliyeuawa katika kujihami, kulikuwa na vifo 43 vya kujiua, vya mauaji ya jinai na vya ajali. Hiyo 43 ikaruka kutoka kwenye jarida hadi magazetini, na kutoka magazetini hadi kwenye hotuba za wanasiasa. Wengi walioitaja walisema tu kwamba bunduki ya nyumbani ina uwezekano mara 43 zaidi wa kumuua mtu wa familia kuliko mwizi. Kwamba 37 kati ya hizo 43 zilikuwa za watu waliojiua, hawakusema.

Watetezi wa haki ya silaha waliipinga hesabu hiyo kwa nguvu, na haki ya kusikilizwa walikuwa nayo. Kwanza, walisema, mwenye nyumba anayemtimua mwizi kwa kumwonyesha bastola hahesabiwi, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Kellermann mwenyewe alikuwa amelikiri hilo ndani ya utafiti wake. Mhalifu anayekimbia haachi maiti ya kuhesabu, na mtaalamu wa masuala ya uhalifu Gary Kleck wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida alikuja kukadiria mwaka 1995 kwamba Wamarekani hujihami kwa bunduki karibu mara milioni 2.5 kwa mwaka. David Hemenway wa Harvard alimjibu kwamba makadirio hayo yamevimba kupita kiasi kwa sababu ya namna maswali ya simu yalivyoulizwa, na mabishano yao hayajaisha.

Hoja ya pili ndiyo iliyogusa roho ya jambo. Walisema kujiua ni uamuzi wa mtu binafsi, kwamba aliyekusudia kufa atapata njia, na kwamba Japani, nchi isiyo na bunduki majumbani, watu wake walikuwa wakijiua kwa wingi kuliko Wamarekani. Kwa hiyo, kuwajumlisha waliojiua na waliouawa, kwao, kulikuwa hila ya kukuza idadi.

Jibu la watafiti lilikuja mwaka 1992. Kellermann na wenzake waliwalinganisha watu waliojiua nyumbani mwao katika kaunti mbili, za Tennessee na Washington, na majirani zao waliofanana nao kwa umri, jinsia na rangi. Nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kujiua karibu mara tano ya ile isiyo nayo, hata baada ya kuzingatia ulevi, dawa za maradhi ya akili na upweke. Tafiti nyingine zimeeleza sababu. Saa mbaya ya mtu mara nyingi ni fupi, na wengi wanaonusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Lakini karibu watu tisa kati ya kumi wanaotumia bunduki hawapati nafasi ya kunusurika. Aliyedhani kwamba kila anayetaka kufa atakufa tu alikuwa amekosea, na kosa hilo lina gharama ya uhai.

Mwaka 1993 ukaja utafiti wa tatu, safari hii wa mauaji. Nyumba yenye bunduki ilionekana kuwa na hatari ya mtu kuuawa humo mara 2.7. Utafiti huo ulikuwa umefadhiliwa na CDC, na hapo NRA ikaona adui yake ni nani.

Kitengo cha majeraha cha CDC huko Atlanta kiliongozwa na daktari Mark Rosenberg. Imani yake ilikuwa kwamba vifo vya bunduki vichunguzwe kama vilivyochunguzwa vya ajali za magari: Marekani haikupiga marufuku magari, ila ilitafiti, ikaleta mikanda ya usalama na barabara bora, na vifo vikapungua. Lakini mwaka 1994 gazeti la Washington Post lilimnukuu akisema kwamba mtazamo wa jamii juu ya bunduki unapaswa kubadilika kama ulivyobadilika juu ya sigara, ambayo sasa inaonekana chafu, yenye kuua na iliyopigwa marufuku. Kauli hiyo iliwapa wapinzani wake walichokuwa wakikitafuta. Wakasema CDC haitafiti, inafanya kampeni kwa fedha za walipa kodi, na wakataka kitengo chote kifungwe.

Bungeni mtu wao alikuwa Jay Dickey, mbunge wa Republican kutoka Pine Bluff, Arkansas, mwindaji na mwanachama wa NRA. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba ndiye aliyekuwa mtu wa NRA wa kutegemewa ndani ya Bunge. Katika vikao vya kamati ya bajeti mwaka 1996, Dickey na Rosenberg walikaa pande mbili za chumba kama maadui. Kitengo kikanusurika, lakini bajeti yake ikapigwa panga dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichokuwa kimetumika kutafiti bunduki mwaka uliotangulia. Fedha zilirudishwa, ila kwa masharti kwamba ziende kwenye majeraha ya ubongo. Juu yake ikaongezwa ile sentensi yenye jina la Dickey.

Ujumbe ulieleweka Atlanta bila tafsiri. Hakuna aliyejua mpaka kati ya kutafiti na kuhimiza uko wapi, na hakuna mkurugenzi aliyetaka kuupima mpaka huo kwa bajeti ya taasisi nzima. Kufikia mwaka 2012 fedha za CDC kwa utafiti wa bunduki zilikuwa zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Rosenberg aliondoka mwaka 1999. Vijana waliokuwa wakiingia katika fani waliambiwa watafute eneo jingine la kuwapa mkate. Wachache walibaki kwa ukaidi, na mmojawao ni Garen Wintemute, daktari wa dharura wa California aliyetumia zaidi ya dola milioni moja za mfukoni mwake ili kazi isife.

Kilichofuata kati ya wale mahasimu wawili ni jambo ambalo siasa za leo zingekuwa na haya kulisikia. Dickey na Rosenberg walianza kuzungumza. Waliongea habari za watoto wao, wakapigiana simu, wakawa marafiki wa kweli huku kila mmoja akijua msimamo wa mwenzake. Julai 2012, wiki moja baada ya watu 12 kuuawa ndani ya ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado, waliandika makala ya pamoja katika Washington Post. Walisema utafiti lazima urudi, na kwamba inawezekana kupunguza vifo bila kugusa haki ya raia mwema kumiliki silaha. Mwaka 2015 Dickey alikwenda mbali zaidi na kutamka hadharani kwamba anajuta, kwa kuwa hakuwahi kukusudia utafiti wote usimame. Alifariki Aprili 2017, na Rosenberg akamlilia kama ndugu.

Nyuma kidogo, Desemba 2012, miezi mitano baada ya makala yao, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Rais Barack Obama aliiagiza CDC irudi kazini, lakini Bunge likamnyima fedha. Ilibidi wanafunzi na wafanyakazi wa shule 17 wafe Parkland, Florida, Februari 2018, ndipo Bunge lieleze kwa maandishi kwamba kifungu cha Dickey hakizuii kutafiti vyanzo vya vifo. Mwishoni mwa 2019 likatenga dola milioni 25, nusu kwa CDC na nusu kwa taasisi za taifa za afya. Lakini Aprili 2025 wafanyakazi wengi wa kitengo cha majeraha cha CDC walipunguzwa kazini.

Mahakama nayo imekwenda njia yake. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema haki ya silaha ni ya mtu binafsi. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaamua kwamba sheria za silaha zipimwe kwa maandishi ya Katiba na historia ya nchi, bila kupima faida na madhara yake kwa usalama wa jamii. Kwa mizani hiyo, takwimu za madaktari, hata ziwe sahihi kiasi gani, hazina uzito wa sheria ya karne ya 18.

Nje ya Bunge na mahakama, waliolielewa mapema suala la kujiua walikuwa wauza bunduki. Mwaka 2009 huko New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua silaha katika duka moja ndani ya wiki moja, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka hakusema kwamba hilo halimhusu. Alikaa na watafiti wa Harvard na wahudumu wa afya, wakaandaa mabango na maelezo ya kuwasaidia wauzaji kumtambua mteja aliye katika dhiki, na kuwashauri wamiliki wamhifadhie silaha rafiki aliyezongwa na mawazo mpaka apate nafuu. Mpango huo umeigwa katika majimbo mengine. Haki ya mtu haikuguswa, na hakuna aliyeitwa adui.

Hapo ndipo penye aibu ya miaka hii 30. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani, na 27,300 kati yao walijiua, karibu sita katika kila kumi. Hata hivyo, risasi zikilia shuleni taifa zima husimama, lakini mzee aliyejiua peke yake shambani Montana hatajwi na upande wowote. Wapinzani wa bunduki huwajumlisha waliojiua ili idadi iwe kubwa, kisha hutunga sera za mauaji. Watetezi wa bunduki huwaondoa ili idadi iwe ndogo, kisha hudai tatizo limeisha. Maiti zinagombaniwa kwenye jedwali, na wafiwa wanabaki bila msaada.

Jambo hili linatuhusu pia. Wapo ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo waliohamia Minnesota, Texas na Ohio, wanaolea watoto katika mitaa ambayo bunduki ni kifaa cha kawaida cha nyumbani. Wanastahili kujua kwamba hatari kubwa ya silaha ya kabatini si mwizi wa usiku, na kwamba huko namba 988 hupokelewa saa zote kwa yeyote aliyelemewa.

Bunge la Marekani lina uwezo wa kukifuta kifungu cha Dickey katika bajeti yoyote ijayo. Aliyekibeba alikwisha kusema kilizidi kiasi, na aliyeumizwa nacho alikwisha kumsamehe. Wabunge wa leo hawana cha kusingizia. Wakifute, wawarudishe watafiti kazini kwa fedha za kutosha, na waanze na hao 27,300.