Mlimao wa nyumbani (Bukoba na Muleba)

Mlimao wa nyumbani ni mti mmoja au miwili ya jamii ya mchungwa inayopandwa uani, ukingoni mwa kibanja au kwenye ndoo kwa matumizi ya jikoni, hasa kukamulia samaki. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mlimao na mndimu ndiyo inayofaa zaidi kwa eneo dogo. Mchungwa nao hukua, ila machungwa yake huiva na ganda likiwa bado la kijani, kwa kuwa usiku wa kandokando ya Ziwa Viktoria hauna baridi ya kulibadilisha rangi. Anayechagua kwa macho huyaacha yaliyo matamu.

Mji wa Bukoba uko takribani mita 1,150 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba. Kwa hiyo maji si shida, isipokuwa kwa mche mchanga katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Shida ni kivuli na unyevu.

Kibanja cha Wahaya, chenye migomba, mibuni na maharage, kimejengewa rutuba kwa vizazi na samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya, yaani uwanda wa nyasi. Mlimao hupenda rutuba hiyo, lakini hauvumilii kivuli cha migomba: hurefuka ukitafuta jua, hutoa maua machache, na ukungu huganda majanini. Mahali pake ni upande wa kibanja unaotazama uani, penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, mita tano kutoka mgomba wa mwisho. Nyasi za kutandaza ziwekwe umbali wa shubiri mbili kutoka kwenye shina. Mazoea ya kuzisogeza hadi kwenye shina, yasiyodhuru mgomba, huozesha gome la mlimao chini kabisa, na mti hutoa utomvu kisha hunyauka.

Shimo la sentimita 60 kwa 60 linatosha; udongo wa juu huchanganywa na debe moja la samadi iliyooza. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, ilhali mche wa mbegu unaweza kuchukua miaka mitano na zaidi. Kiungo, yaani mahali mche ulipobebeshwa, kibaki juu ya udongo, na machipukizi yote yanayotokea chini yake yaondolewe. Yakiachwa, baada ya miaka michache mwenye nyumba hujikuta anatunza mti mwingine kabisa.

Mdudu anayeonekana kwanza ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Kwa mti mmoja, kumwokota kwa mkono kunatosha, na dawa ya kupulizia ni gharama ya bure.

Hatari kubwa zaidi haionekani kirahisi. Ugonjwa wa kijani wa Afrika husababishwa na bakteria anayesambazwa na mdudu mdogo arukaye, Trioza erytreae, ambaye hustawi kwenye maeneo ya baridi kiasi kama haya. Makinda yake huacha vinundu juu ya majani machanga. Jani lenye ugonjwa huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati. Yakilingana, huenda mti umekosa madini tu, kama zinki. Matunda hupinda, hubaki madogo na huwa machungu. Ugonjwa huu hauna tiba: mti hung'olewa. Vikonyo vya kubebeshea visichukuliwe kwenye mti wenye dalili hizo, maana ugonjwa huenda navyo.

Wakati wa mvua hutokea pia madoa ya ukungu kwenye majani na matunda. Majani yaliyoanguka hukusanywa na kuchomwa, na dawa za kopa husaidia zikipulizwa mapema. Kisu cha kupogolea kisafishwe kwa moto, jambo ambalo wakulima wa huku hawahitaji kufundishwa tangu mnyauko wa migomba, unaoenezwa pia na visu, ulipoingia Muleba mwaka 2006.

Mpangaji wa mjini asiye na uwanja hutumia ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, yenye udongo, samadi na mchanga. Mti wa ndoo huhitaji maji kila udongo unapokauka juu, na samadi kidogo kila baada ya miezi miwili, kwa kuwa mvua huichujua haraka.

Limao hukatwa na kikonyo kifupi. Likivutwa, ganda huchanika karibu na kikonyo, na tunda huoza ndani ya siku chache.